Hisia ya hatia ina kazi gani, na je, wanyama wanayo?

Mtoto wa miaka mitatu amezama kwenye mchezo. Mkono unapitiliza, na kitu ambacho mtu mzima alikuwa amekijenga kwa uangalifu kinaporomoka. Mtu mzima anasikitika, lakini hagombi. Mtoto anatazama vipande, anamtazama yule mtu, kisha anachuchumaa na kuanza kuviokota kimoja kimoja ili vipangwe upya.

Mwanasaikolojia Amrisha Vaish na wenzake walichunguza hali za namna hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Walilinganisha watoto waliosababisha hasara wao wenyewe na watoto walioiona tu hasara ambayo hawakuhusika nayo. Wale wa miaka 2 walimwonea huruma aliyepatwa, kosa liwe la nani. Wale wa miaka 3 walijitahidi zaidi kurekebisha pale walipokuwa wao ndio chanzo. Kati ya umri huo na ule, huruma inakuwa imepata kitu cha ziada: mtoto anamwona aliyeumia, na papo hapo anajiona kuwa ndiye aliyemuumiza.

Nimeanza na mtoto kwa makusudi. Mjadala kuhusu wanyama na hatia huanza karibu kila mara na uso wa mbwa, na watu hubishana mpaka usiku bila kukubaliana wanatafuta nini hasa kwenye uso huo. Uso wa mbwa tutaufikia. Kwanza tujue kitu chenyewe.

Hisia ya hatia haiji peke yake, na ndiyo maana ni rahisi kuichanganya na jamaa zake. Chukulia umeazima simu ya rafiki, ikakuponyoka na kutumbukia majini. Kifua kinakaza, na ndani ya mkazo huo mna mambo kadhaa kwa pamoja. Kuna hofu: atanifanya nini akijua? Kuna aibu: watu watanionaje, mimi mzembe namna hii? Kuna lile jutio la kukosa: laiti ningeiweka mfukoni. Na kuna jambo la nne, ambalo halihusu adhabu, wala sura yako mbele za watu, wala bahati uliyoipoteza. Linamhusu rafiki mwenyewe: nimemtia hasara mtu asiyenikosea, nitamrudishiaje? Hilo la nne ndilo ninaloliita hisia ya hatia katika makala haya. Mengine matatu yanaweza kuwapo bila hilo. Mtu anaweza kutetemeka kwa hofu ya kukamatwa na asimfikirie kabisa aliyemdhulumu.

Tofauti kati ya aibu na hatia ina uzito kuliko inavyoonekana. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Helen Block Lewis alieleza kwamba aibu humshambulia mtu mzima-mzima, humwambia kuwa yeye ni mbovu, wakati hatia hushika kitendo kimoja alichokitenda. Mtu mbovu hana la kufanya isipokuwa kujificha au kukasirika. Kitendo kibaya kinaweza kurekebishwa. June Tangney, aliyetumia miaka mingi kulichunguza jambo hili, alikwenda hadi gerezani. Yeye na wenzake Jeffrey Stuewig na Andres Martinez waliwahoji mahabusu na wafungwa 476 nchini Marekani mara baada ya kuingia kizuizini, kisha wakawafuatilia wengi wao kwa mwaka mmoja baada ya kuachiwa. Matokeo yalichapishwa 2014. Waliokuwa na mwelekeo wa kuhisi hatia kwa walichokitenda walirudia uhalifu kwa kiwango kidogo zaidi. Kwa upande wa aibu, pale ilipomfanya mtu awatupie wengine lawama, ilimrudisha kwenye uhalifu.

Ninaona hapo ndipo penye thamani ya hisia hii. Kazi yake ni kumgeuza mtu amtazame aliyemuumiza. Robert Trivers, mwanabiolojia aliyeandika mwaka 1971 kuhusu jinsi viumbe wasio ndugu wanavyoweza kusaidiana kwa zamu, aliona kwamba ushirikiano wa aina hiyo una tundu kubwa: mjanja anaweza kupokea na asirudishe. Akigunduliwa, mwenzake atamkata, na wote wawili watapoteza. Kwa mtazamo wake, hisia ya hatia ilijengeka kwa sababu humsukuma aliyekosea kulipa na kuonyesha kwamba hatarudia, kabla uhusiano haujavunjika moja kwa moja. Mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake waliongeza jambo mwaka 1994: hatia huuma zaidi tunapomkosea mtu wa karibu. Ukimsahau mtu usiyemjua siku yake muhimu, hulali vibaya. Ukimsahau mama yako, unalala vibaya.

Kutokana na hayo sikubaliani na wale wanaoisifu hatia kana kwamba maumivu yenyewe ndiyo malipo. Mtu anayejitesa moyoni kwa miaka bila kumwendea aliyemkosea hajamlipa chochote. Anaweza hata kuwa amejifungia na mateso yake akamsahau yule mwingine kabisa. Sikubaliani pia na wanaoifanya kuwa uchafu wa kuoshwa haraka ili mtu ajisikie vizuri. Ukimtuliza aliyekosea kabla hajamgeukia aliyeumia, umeichukua hisia kabla haijafanya kazi iliyoileta.

Ni kweli pia kwamba hisia hii hupotea njia. Hatia iliyopitiliza ni mojawapo ya dalili za sonona, na mgonjwa anaweza kujilaumu kwa mambo ambayo hakuyatenda kamwe. Waliookoka maafa mara nyingi hujihisi wakosaji kwa kuwa hai tu. Mwanafalsafa Bernard Williams alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila uzembe wowote. Hakuna atakayemhukumu, na marafiki watamwambia hakufanya kosa, nao watakuwa wamesema kweli. Hata hivyo tungemshangaa dereva ambaye angeafiki mara moja, akapanda lori na kuendelea na safari. Kuwa chanzo cha kifo, hata bila kosa, kunamfunga mtu na tukio kwa namna isiyomfunga mpita njia.

Kuna mkanganyiko mmoja zaidi wa kuondoa. Kupatikana na hatia ni uamuzi wa wengine, kuihisi ni jambo la ndani. Mwaka 1457 huko Savigny, Ufaransa, nguruwe jike alishtakiwa mahakamani kwa kumuua mtoto, akahukumiwa kunyongwa. Watoto wake sita walioshtakiwa pamoja naye walinusurika kwa kukosekana ushahidi wa kutosha dhidi yao. Kesi za namna hiyo hazikuwa chache Ulaya ya zamani. Swali la mahakama lilikuwa nani ametenda. Swali letu ni jingine na ni gumu zaidi: aliyetenda, akiwa hana lugha ya kutueleza, anahisi nini kuhusu alichokitenda?

Sasa mbwa. Mwenye mbwa anafungua mlango, anakuta mto umechanwa na pamba zimetapakaa. Mbwa hajaja kumlaki. Yuko kwenye kona, masikio yamelala nyuma, mkia umebanwa katikati ya miguu, macho yanakwepa, na pengine anainua mguu mmoja kama anayeomba. Anayeona hivyo anasema: anajua alichofanya.

Alexandra Horowitz, anayefundisha Chuo cha Barnard, New York, alitafuta njia ya kulitenganisha kosa la mbwa na hasira ya mwenye mbwa, vitu ambavyo nyumbani hutokea pamoja kila siku. Utafiti wake wa 2009 ulihusisha mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kitafunwa kilichowekwa mbele yake, kisha akatoka chumbani. Huko ndani, mara nyingine mtafiti alimpa mbwa kile kitafunwa akakila, mara nyingine alikiondoa, mbwa asile. Mwenye mbwa aliporudi aliambiwa mbwa ametii au ameasi, na taarifa hiyo haikuwa ya kweli kila mara. Akiambiwa ameasi, alimkaripia. Akiambiwa ametii, alimsalimia kwa furaha. Yote yalirekodiwa kwa video, na ishara za ule uso wa hatia zikahesabiwa moja moja.

Kula au kutokula hakukuleta tofauti. Ishara ziliongezeka mwenye mbwa alipokaripia. Na zilijitokeza kwa nguvu zaidi kwa mbwa ambao hawakula kitu lakini wakakaripiwa. Kila ninapoyasoma matokeo hayo nasimama hapo. Uso tunaousoma kama ungamo ulikuwa mkali zaidi kwa asiye na kosa.

Mtu anaweza kupinga: mbona mbwa wengine huonyesha uso huo kabla hata sijasema neno? Jibu moja lilikuwa limeshatolewa mwaka 1977 na Peter Vollmer. Mwenye mbwa mmoja aliamini mbwa wake anajua kosa lake kila anapochana karatasi nyumbani. Vollmer alimwomba achane karatasi yeye mwenyewe mbwa akiwa hayupo, kisha amrudishe mbwa ndani, atoke na kuingia tena. Mbwa alijikunyata vilevile. Alichokuwa amejifunza ni kwamba vipande vya karatasi sakafuni pamoja na bwana wake mlangoni ni balaa. Nani amechana, hilo halikuwa sehemu ya hesabu yake. Baadaye, mwaka 2015, Ljerka Ostojić na wenzake walichunguza kama mbwa hubadilika kulingana na alichokitenda mwenyewe, au kulingana na kuwapo kwa ushahidi wa kosa. Hawakupata athari ya lolote kati ya hayo mawili.

Zile ishara zenyewe si fumbo. Kujishusha, kukwepa macho, kubana mkia na kulaza masikio ni lugha ya kutuliza hasira ya mwenye nguvu, na mbwamwitu wanayo wao kwa wao. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na anasoma sauti, mwendo na sura zetu kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo ule uso unatueleza jambo la kweli, lakini linalotuhusu sisi: umekasirika, tafadhali usiniumize. Ni hofu, ile ya kwanza katika mfano wa simu.

Lakini kusema kwamba uso wa mbwa hauthibitishi hatia ni tofauti na kusema kwamba mbwa hana hatia yoyote ndani yake. Horowitz mwenyewe hakudai hilo la pili, na habari nyingi zilizoandikwa kuhusu utafiti wake zililidai kwa niaba yake. Alipima kama uso huo unaenda na kosa. Hakuingia ndani ya mbwa.

Na kuna kisa ambacho hofu ya adhabu hukieleza kwa taabu. Konrad Lorenz, mmoja wa waasisi wa elimu ya tabia za wanyama na mshindi wa Nobel mwaka 1973, alisimulia habari za mbwa wake aitwaye Bully. Siku moja Lorenz aliingilia ugomvi wa mbwa wake wawili, na katika vurumai Bully akamng'ata mkono kwa bahati mbaya. Lorenz hakumkaripia, na badala yake alijaribu kumtuliza. Bully hakutulizika. Alilegea kabisa, akashindwa kula, na kwa siku kadhaa alikuwa kama mgonjwa mahututi. Mbwa huyo hakuwa amewahi kumng'ata mtu, hivyo hangeweza kuwa amejifunza kutokana na adhabu ya zamani. Ni kisa kimoja, cha mbwa mmoja, kilichosimuliwa na mtu aliyempenda, na sayansi haijengwi juu ya kisa kimoja. Hata hivyo siwezi kukitupa. Kinaonyesha mnyama aliyevurugwa na tendo lake dhidi ya mwenziwe muhimu kuliko wote, bila fimbo mbele yake.

Kama thamani ya hatia ni kumgeuza mkosaji amtazame aliyeumia, basi ushahidi wa kutafuta kwa wanyama upo katika mwendo wao baada ya kosa, kuliko sura zao. Je, mnyama aliyeumiza anamrudia aliyeumizwa? Anamfanyia nini?

Kwa sokwe tuna mengi ya kutazama. Frans de Waal na Angeline van Roosmalen walieleza mwaka 1979, baada ya kuwachunguza sokwe wa bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi, kwamba waliopigana hutafutana muda mfupi baadaye, wakagusana na kupigana busu. Tangu hapo upatanisho umeonekana kwa jamii nyingi za nyani na kima, na hata kwa wanyama wengine. Pia imeonekana kwamba hutokea zaidi kati ya wale wenye uhusiano wa thamani, marafiki na washirika, kuliko kati ya waliokutana tu. Linganisha na alichosema Baumeister kuhusu binadamu kuumwa zaidi na kosa dhidi ya mtu wa karibu. Ulinganifu huo si uthibitisho, kwani sokwe anaweza kumrudia mwenzake kwa kutaka amani, bila kujali nani alianza, na mara nyingine aliyepigwa ndiye anayeanza kumwendea mpigaji. Lakini ni jambo la kundi moja na hatia: uhusiano umepasuka, na kiumbe hawezi kutulia mpaka uungwe.

De Waal amesimulia pia kisa cha bonobo dume, jamaa wa karibu wa sokwe, katika bustani ya wanyama ya Milwaukee, Marekani, aliyemng'ata daktari wa wanyama na kumkata kidole. Daktari huyo aliporudi baadaye na mkono uliofungwa bandeji, bonobo alikwenda kona ya mbali, akajikumbatia na kuinamisha kichwa. Miaka mingi ilipita, daktari akiwa ameshaondoka mji huo. Siku aliyotembelea tena, bonobo alimfuata na kuchungulia kwa bidii upande wa mkono wake wa kushoto, uliokuwa umefichwa na kizuizi, akirudi kuutafuta tena na tena mpaka daktari akauinua auone. Alikumbuka alichofanya, na kwa nani, na wapi hasa kwenye mwili. Alihisi nini alipoutazama, hilo mkono hauwezi kutuambia. Bado, ukitaka mfano wa mnyama anayemgeukia aliyemuumiza, sijui ulio wazi kuliko huu.

Panya na kima hutajwa sana katika mazungumzo haya, na hapa ni vema kuwa makini. Mwaka 2014 Adam Steiner na David Redish wa Chuo Kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba panya aliyepita chakula kizuri kwa pupa, akakuta kinachofuata kina kungoja kurefu, husimama na kugeuka kutazama alikotoka, na chembe za sehemu ya mbele ya ubongo wake huwaka kwa mpangilio unaolingana na kile alichokipoteza. Hilo ni jutio la kukosa, safi kabisa, lakini hakuna aliyeumia. Nao Jules Masserman na wenzake walichapisha mwaka 1964 majaribio ya kutisha ambapo kima wa aina ya resus walikuwa wakipata chakula kwa kuvuta mnyororo uliompiga mwenzao shoti ya umeme. Wengi waliepuka kuuvuta. Mmoja alikaa siku 12 bila kuvuta mnyororo wowote. Hiyo ni kukataa kuumiza, na nadhani kima yule alionyesha uungwana kuliko waliomfungia. Ila hatia huja baada ya tendo.

Kilichobaki ni suala la akili. Wanasaikolojia wengi husema hisia ya hatia inahitaji kiumbe anayejitambua, aoanishe tendo la jana na yeye wa leo, na ajue mwenzake anahisi nini. Kwa kipimo cha kujitambua kwenye kioo, ambacho Gordon Gallup alikitumia kwa sokwe mwaka 1970, sokwe hufaulu na mbwa hushindwa. Sikiamini sana kioo kwa mnyama ambaye dunia yake ni ya harufu, lakini hoja ya kumbukumbu ina nguvu, na Charles Darwin aliiona mapema. Katika maandishi yake ya 1871 alimtaja mbayuwayu, ambaye msimu wa kuhama ukifika huweza kuacha makinda wake kwenye kiota wafe, kwa kuwa msukumo wa safari umeushinda wa ulezi. Darwin aliwaza kwamba kama ndege huyo, akishafika mwisho wa safari, angeweza kuona akilini makinda wake wakifa kwa baridi na njaa, angepata uchungu mkali wa majuto. Kwake dhamiri ilikuwa tofauti ya kiwango: mpe mnyama yeyote wa kijamii akili na kumbukumbu za kutosha, naye atajisuta.

Nakubaliana naye, na ndiyo sababu swali la kama wanyama wana hatia, ndiyo au hapana, naona limewekwa vibaya. Vipande vya hatia vimesambaa: huruma hapa, kumbukumbu pale, haja ya kupatana kwingine. Kwa sokwe na bonobo vipande vingi vinakutana. Kwa mbwa, mapenzi kwa mwenziwe na uchungu wa uhusiano kuvurugika vipo bila shaka. Kinachokosa ushahidi ni kule kulishika tendo lililopita kama tendo lake.

Kwa anayeishi na mbwa, pengo hilo dogo lina matokeo makubwa. Karipio linalokuja saa nzima baada ya mto kuchanwa halimfikii mbwa kama hukumu ya kosa lile. Linaungana na kinachotokea wakati huo, yaani wewe kuingia mlangoni. Akijikunyata, unasoma ungamo, unakaripia zaidi, naye kesho anajikunyata mapema zaidi. Na mbwa wengi wanaotafuna na kubomoa wakiachwa peke yao wana wasiwasi wa kutengana, hali inayotibika kwa kumzoesha kukaa peke yake kwa vipindi vifupi vinavyorefushwa taratibu, na kwa kumpa mazoezi na kitu cha kutafuna kabla ya kuondoka. Wenye hali kali huhitaji daktari wa mifugo. Ukimkuta amebomoa, zoa vilivyotapakaa bila kelele, na siku inayofuata anza na muda mfupi kuliko ule uliomshinda.